Kompyuta Imewaka, Njoo Hivyo Hivyo

Kimuli, 6 Juni 2025. Asubuhi ukungu, kahawa tumechelewa kuianika.

Baba Vero,

Ile mashine pepe ya Linux, kompyuta ndani ya kompyuta, uliyoniwekea kwenye kompyuta ya duka imewaka. Usihangaike kuja kuitengeneza kama ulivyoahidi. Diski ilijaa wakati wa kusasisha, kerneli mpya, ule moyo wa mfumo, ikaandikwa nusu, mashine ikagoma kuwaka. Niliiwasha kwa kerneli ya zamani, nikafuta zisizotumika, nikaisakinisha mpya tena. Sikubahatisha.

Vero alinuna. "Mama, umeitengeneza ya nini? Si baba alikuwa anakuja?"

Miaka miwili sasa unakuja kwa ajili ya kompyuta tu. Safari hii hakuna kilichoharibika. Njoo hivyo hivyo, tukuone.

Ni saa nne usiku, nakwenda kulala.

Edith wako