Folda ya Béa kwenye diski mpya

Jumamosi, katikati ya Agosti. Vumbi tangu asubuhi. Malori ya mgodi yamepita mfululizo na kaunta nimeifuta mara nne. Nina wivu, na leo sitajidanganya kwamba ni uchovu.

Ninamwonea wivu marehemu.

Haya, nimeandika. Sasa nipumue.

Atakayesoma hapa siku moja ajue kwamba nina duka dogo mtaani Dilala la kuchapa barua, kutoa fotokopi na kutengeneza kompyuta. Watu huingia, hunitazama mimi, kisha huuliza fundi yuko wapi. Nimeshazoea. Mume wangu Augustin ni mpima ardhi, anazunguka machimboni na vyombo vyake, jioni anarudi na ramani na picha chungu nzima. Mashine yake ni ya zamani, aliinunua alipokuwa bado na Béa, mke wake wa kwanza, ambaye aliugua wiki mbili tu akafariki. Mimi nilikuja baadaye.

Wiki hii diski ya hiyo mashine imejaa pomoni. Akifungua ramani moja, kila kitu kinaganda. Jumanne akaja dukani na diski mpya aliyoagiza Lubumbashi, kubwa mara mbili ya ile, akaiweka mbele yangu taratibu kama mtu aliyebeba mayai.

"Mama Jemima," akasema (Jemima ni binti yetu), "uhamishe yote. Hata kantu kamoya kasibakie mu ile ya zamani."

Hata kitu kimoja! Nilijua anamaanisha nini. Au nilidhani najua.

Ndani ya ile mashine kuna folda inayoitwa BÉA, kwa herufi kubwa. Ninaiona miaka mitano sasa, kila ninapomsafishia mashine virusi, na sijawahi kuifungua. Huwa najiambia mimi si mwanamke wa kupekua. Uongo mtupu. Niliogopa kumkuta mzuri kuliko alivyo kwenye ile picha iliyoko sebuleni kwa wifi yangu, na pale tayari ni mzuri vya kutosha.

Huyo wifi naye ni mtihani. Nikipika sombe, yale majani ya muhogo, anaonja, kisha anasema, "Béa, yeye sombe yake haikuwaka na mayi." Yaani yangu ni majimaji. Basi nasukuma pembeni sahani yangu ya bukari, ugali wetu.

Tena Augustin aliachiliwa kihalali. Kabla hajanioa, familia ya Béa walimfanyia desturi ya kutosha mufu, yaani kumwondoa marehemu juu ya mwanaume aliyefiwa ili awe huru kuoa tena. Wakampaka unga, wakamwombea, wakamwambia nenda mwanetu. Lakini wale wazee hawakuijua kompyuta. Huko ndani hakuna aliyemtosha Béa.

Leo mchana nikaanza kazi. Kunakili diski nzima si kama kuhamisha nyumba, ukasema kiti hiki tuchukue, kile tuache. Mashine inachukua kila kitu kama kilivyolala, na picha za Béa pamoja na ramani za Augustin. Nilikagua mara mbili ipi ni diski ya kutoka na ipi ya kwenda, maana ukizigeuza unafuta kila kitu. Nakiri kwamba wazo la kuzigeuza lilinipitia. Likapita, nikaanza sawasawa.

Ilipofika zaidi ya nusu, ikasimama. Diski ya zamani ina mahali palipooza. Nina programu ndogo inayoniambia ni faili gani limelala mahali pa namna hiyo. Nikaiuliza. Ikajibu: folda BÉA, video, na jina lenye namba tupu kama kamera zinavyoandika.

Programu ya kunakili ni ya Kifaransa. Ilinipa vitufe viwili: *Réessayer*, jaribu tena, na *Ignorer*, ruka. Fundi mwenye adabu hujaribu tena. Mimi mwenyewe huwaambia wateja kwamba diski iliyougua hubembelezwa, inaweza kukataa mara kumi na ikakubali ya kumi na moja.

Nilibonyeza *Ignorer*.

Sikukosea kidole. Nilitazama mlangoni kwanza kama paka aliyeona samaki, kisha nikabonyeza. Ikasimama tena, sehemu nyingine ya faili lile lile. Nikabonyeza tena. Mara kumi na moja iliniuliza, na mara kumi na moja niliruka. Na nilifurahi, shajara. Furaha ndogo, chafu, lakini furaha. Nani angejua? Diski ilikuwa mbovu, basi.

Kazi ikaisha. Nikaifunga diski mpya ndani ya mashine, ikawaka haraka mpaka nikatabasamu. Ila mwanzoni inajionyesha ndogo vile vile kama ile ya zamani, mpaka uiambie mashine kwamba kuna nafasi nyingine imebaki wazi. Nikaiambia.

Nina sheria moja dukani: simrudishii mtu mashine kabla sijafungua faili chache katika kila folda. Kwa hiyo leo, kwa mara ya kwanza, nilifungua BÉA. Nilijiambia ni kazi.

Humo nilikuta masomo yake ya darasa la tatu, maana alikuwa mwalimu. Picha zake chache sana. Ni mzuri, ndiyo. Halafu nikaona folda ndogo ndani, imeandikwa Mutshatsha.

Damu ikanipanda. Mutshatsha ni kwetu! Baba yangu alifanya kazi ya reli pale mpaka alipostaafu. Ina maana Augustin alimtembeza Béa mpaka kwetu, na mimi nikadhani ndiye niliyemwonyesha kituo cha treni? Nikaifungua kwa nguvu, tayari kwa ugomvi na mtu ambaye hayupo.

Nikaona kitenge cha shangazi yangu.

Ilikuwa siku ya mahari yangu.

Sasa ngoja nieleze. Kwetu, wazee wakijadili mahari, binti hakai nao. Mimi nilifungiwa chumbani na mashangazi. Nilisikia sauti ya baba kupitia ukuta, anasema jambo kwa mkwe wake, kisha kicheko cha nyumba nzima. Nikauliza amesema nini, shangazi akanifinya ninyamaze. Baadaye kukawa na kula na kucheza, sikuuliza tena. Baba alikufa mwaka juzi, na simu iliyokuwa na sauti yake ilizama kwenye ndoo ya kufulia.

Augustin aliwahi kuniambia video za siku ile ziko kwenye mashine yake. Nilizitafuta katika folda zote nikazikosa, nikanyamaza. Nilikuwa nimebakiza folda moja tu.

Video ni tano. Nne zikafunguka vizuri. Mwisho wa ile ya nne baba anainuka, anavuta koti lake, anakohoa ili watu wanyamaze. Ya tano ikakataa. Nikatazama jina lake, zile namba tupu.

Ndiyo ile.

Nililia pale kaunta, na mteja wa fotokopi akaniuliza kama nina msiba. Nikamwambia ninao, wa mwaka juzi.

Nikaunganisha tena diski ya zamani, safari hii kwa lile faili moja, nikaanza kubonyeza *Réessayer*. Diski ikawa inatoa sauti ya kukwaruza, inasimama, inakataa. Nikabonyeza. Nikaomba. Nikamwomba hata Béa, mwenye folda, anisaidie. Sikuwahi kumwomba kitu yule dada.

Saa kumi alasiri Augustin akaingia na viatu vyake vya vumbi. Akaona macho yangu.

"Iko nini?"

"Diski yako nzee inanisumbua," nikasema. Kisha sikuweza kujizuia, nikamwuliza kuhusu mahari. "Juu ya nini dot yangu uliitia mu dossier ya Béa?"

Akashangaa kweli, si kwa kujifanya. "Njo Béa alifungula ile dossier wakati mashini ilikuwa mupya. Mi natiaka mule bitu byenye sipendi bipotee. Jina sikuiwazaka hata."

Kumbe ndimo anamoweka vitu asivyotaka vipotee. Miaka mitano nimeivimbia ile folda, na mimi nimo ndani yake.

Alivuta kiti akakaa nami. Kati ya sehemu kumi na moja, diski ilikubali tisa. Mbili zimekwenda, hazitarudi. Tukafungua. Picha inakatika, uso wa baba unakuwa viraka viraka, lakini sauti ipo. Sauti yake yenyewe, yenye mikwaruzo ya tumbaku, ikimwambia mkwewe:

"Beau-fils, mi nakuambia mbele ya batu bote. Huyu mutoto iko na wivu. Tangu budogo! Mi nikikala, hapendake mutu akale pembeni yangu, hata mama yake." Hapo ndipo walipocheka. Baba akasubiri wamalize. "Siku utamuona ananuna, usimukasirikie. Njo vile anapendaka. Sasa miye..."

Na hapo pakakatika. Baada ya hapo ni watu wanapiga makofi.

Augustin alikuwa anacheka peke yake. "Nilijuaka tangu siku ile," akasema, akanifuta vumbi shavuni. Nikamwuliza baba alimaliziaje. Akafikiri sana. Hakumbuki. Alisema anakumbuka makofi tu.

Sasa amempeleka Jemima kununua mkate, na mimi naandika. Folda nimeiacha na jina lake. Diski ya zamani nimeifunga kwenye kitambaa, sitaiuza wala kuifuta.

Kuna maneno ya mwisho ya baba yangu siku ile ambayo hakuna mtu atakayeyasikia tena. Pengine diski ingeyatoa kama ningeibembeleza mara ya kwanza iliposimama, kabla sijaikwaruza zaidi kwa kurudi rudi. Pengine isingeyatoa. Sitajua. Augustin anaamini ni uzee wa diski, na amenipa pole.

Baba alimwambia kwamba nina wivu, na kwamba ndivyo ninavyopenda. Kuhusu kile kitufe cha kuruka hakuna wa kumwambia ila mimi. Kesho tukitoka misa, kabla hatujafika kwa wifi, nitamwambia.