Shakwe Aliyechinjwa Uani

Jumamosi, 14 Januari 2006
Tumeokota shakwe kumi na moja waliokufa leo, ufukweni hapa Sur, Omani. Glavu, barakoa, mifuko, chokaa. Mgongo unaniuma. Ndege hawa hutoka kaskazini kila baridi, na televisheni haina jingine ila homa ya ndege. Mkuu wetu wa ofisi ya mifugo katuonya tena: ukiona ndege mgonjwa usimguse, piga simu. Vipimo vimekwenda Maskati. Naogopa kidogo.

Jumapili, 15
Naogopa sana. Nimerudi kazini nikamkuta Mama uani na kisu cha kuchinjia mbuzi wa Idi, damu mpaka viwikoni. Shakwe kaanguka karibu na banda la kuku, anahema. Mama kamwahi, kamchinja.

"N'tamwachaje afe kibudu, mwanangu, na kisu n'nacho?"

Ndivyo alivyolelewa Unguja. Alikwishaanza kumnyonyoa, awape paka. Mikono mitupu! Na mimi ndiye ninayewafundisha watu wa mji mzima. Nimemwosha kwa dawa, ndege nimemfukia nyuma ya banda. Simu sikupiga. Wangewaua kuku wake wote, na yeye wangemchukua.

Jumatatu, 16
Shikamoo nimeitoa mlangoni. Siku zote naubusu mkono wake. Leo sikuubusu. Kaunyoosha, kangoja, kaurudisha mapajani. Mwoga mimi.

Jumanne, 17
Tena mlangoni. Leo hakuunyoosha.

Jumatano, 18
Homa. Kikohozi. Mama anasema mafua tu, kazidisha kuoga maji baridi. Nimempigia mkuu, nimekiri yote. Hakunigombeza. Hilo limenitisha zaidi.

Wenzangu wamekuja na mavazi meupe. Wamemfukua shakwe. Mama kapelekwa hospitali, chumba cha peke yake. Alipotoka alinikumbusha kuwapa kuku maji. Nikamwambia inshallah. Saa moja baadaye hakuna hata kuku mmoja.

Ijumaa, 20
Namtazama kwa kioo tu. Nahesabu anavyopumua. Akifa, ni kwa siku zangu tatu za kunyamaza. Sijala tangu jana.

Jumapili, 22
Majibu. Shakwe wa ufukweni na yule wa uani wana virusi vya ndege, ila si vile vya televisheni. Mama hana kitu. Mafua, kama alivyosema. Nimelia chooni ofisini mpaka mwenzangu akagonga mlango.

Jumanne, 24
Mama karudi. Kalipita banda tupu, hakuuliza. Kakaa penye mkeka wake.

Nimekwenda mpaka alipo, nikamwamkia. Marahaba, kaitikia, na mkono kauficha ndani ya kanga. Kashazoea. Nikapiga magoti, nikauomba. Kaniangalia, kisha kautoa. Ulinuka sabuni ya hospitali. Nimeubusu, sikuuachia upesi.