Jina la Mpishi Kwenye Menyu

Mamu wangu,

Wewe hukutaka menyu. Mteja akiketi tu, ulitoka jikoni na mwiko mkononi, ukamwangalia usoni, ukaamua mwenyewe atakachokula. "Weye leo utakula matamba, damu iko kidogo," ulimwambia mtu aliyekuja akitamani nyama, naye akala majani yake ya muhogo. Mtaa mzima wa Makomeno ulijua kwamba kwako mtu haagizi, anapangiwa.

Mimi sina jicho lako. Tangu uende, nawauliza wateja wanataka nini, nao wananiuliza kuna nini, tunabaki tukitazamana. Ndipo Yaya Clarisse, dada yetu mkubwa, akaniwekea akili bandia kwenye simu, msaidizi wa kuandika. Nilimtajia vyakula vyako vyote, nikamwambia mgahawa ni wako. Akapanga menyu kabla chai yangu haijapoa. Bukari, ugali wetu, aliitupa chini kabisa pamoja na pilipili, kana kwamba ni kitu cha kando, mtu anaweza kula bila hiyo! Nikamgombeza, akairudisha juu. Lakini pale mwanzo aliandika: "Mama Béa anakupikia mwenyewe kila siku." Sikuwa nimemwambia kwamba umefariki. Niliisoma, ikanipendeza, nikaipeleka kuchapishwa hivyo hivyo.

Wiki jana akaja Papa Mulenga, yule anayetuletea samaki kutoka Kasenga. Alikuwa hajapita tangu kabla ya mvua, habari hazikumfikia. Akasoma menyu, akatabasamu.

"Umuite Mama. Samaki yake njo hii, minataka nimupatie mu mikono."

Akasimama, akachungulia jikoni, akaniona mimi tu na masufuria.

"Mama iko wapi?"

Nikamwambia. Alikaa chini na samaki wake mapajani, akalia sana, kisha akakasirika. "Sasa juu ya nini mulimuandika kama angali iko?"

Jana nikamwandikia msaidizi kwamba umekufa. Akanipa pole kwa Kiswahili safi kuliko cha wote waliokuja kwenye matanga, na haikunigusa hata kidogo. Halafu akauliza: mpishi wa sasa ni nani, aandike jina gani? Nilikaa na swali hilo mpaka matamba yakaungua. Nilimkasirikia. Nilikukasirikia wewe pia, uliyeniachia watu wenye njaa na hukuniambia uliona nini nyusoni mwao.

Mwishowe niliandika jina langu. Siku ile makaburini matantine, shangazi zetu, walinishika huku na huku, sikuona hata sanduku likishuka. Wengine ndio waliokuzika. Mimi nimekuzika jana, kwa kidole kimoja.

Lala, Mamu. Kama unapitapita jikoni, leo usinisahihishe, sitaweza kuvumilia.

Ni mimi, kitindamimba wako