Moto wa Tanuri la Kwihara

Kwihara, 5 Septemba 1943

Mwanangu Tobias,

U hali gani huko machimboni? Kifua kimepona? Sisi wazima, ila mama yako analalamikia miguu, nami nalalamikia malalamiko yake.

Tangu vita vianze majembe hayafiki tena madukani Tabora. Yetu yamebaki vipande, na mvua ikikuta mashamba hayajalimwa tutakula nini? Nimeamua kuwasha tanuri la babu yako, aliyeyeyusha mawe ya chuma enzi misafara ikinunua majembe hapa. Mawe yapo kilimani, mkaa nimeshachoma. Ninayemkosa ni mtu wa kuvukuta moto. Omba ruhusa uje.

Baba yako,
Lugembe

Sekenke, 27 Septemba 1943

Shikamoo Baba,

Kifua kimepona, namshukuru Mungu. Mama mpe pole ya miguu.

Ruhusa nimenyimwa, mkataba wangu unakwisha Januari. Inaniuma. Nachimba dhahabu kutwa, wala sijui inakokwenda, na nyumbani hamna jembe. Mchukue dada Koleta. Ana mikono yenye nguvu kunishinda, wewe mwenyewe wajua. Najua ni mwiko mwanamke kusogelea tanuri, ndiyo maana nalisema nikiwa mbali na fimbo yako.

Mwanao,
Tobias

Kwihara, 21 Novemba 1943

Mwanangu,

Marahaba, ingawa nimechelewa kuiitikia. Mama yako hasemi tena habari za miguu. Juzi alicheza ngoma mpaka akanichosha mimi niliyekaa.

Barua yako niliikasirikia wiki nzima. Kisha mawingu yakaanza kujikusanya, nikamwita Koleta. Wazee wenzangu walisema chuma hakitatoka, wakakaa pembeni kusubiri aibu yangu. Alivukuta tangu alfajiri hadi jioni, akakataa hata kupokewa zamu. Tulipobomoa ukuta wa tanuri, bonge la chuma lilikuwa ndani, jekundu, zito. Nililia mbele za watu, Tobias, na sijutii. Wazee wale wale ndio waliotangulia kuuliza majembe yatagawiwa lini.

Tumeyeyusha na kufua majembe tena na tena. Majirani wote wamepata, mvua inanyesha, na Kwihara nzima iko shambani.

Januari ukija, kazi ipo ya kubeba mkaa. Ukitaka kuvukuta, nafasi hiyo si yangu tena kuitoa. Mwombe fundi Koleta.

Baba yako