Amana ya Jama

Balambala,
Garissa.
26 Oktoba 2019

Mpendwa dada Ruweyda,

Assalamu alaykum warahmatullahi. Hujambo huko Mwanza? Watoto wameacha kukohoa? Sisi afya tunayo, alhamdulillahi. Abti Korane, mjomba wako na baba yangu, anakula, anaswali, analala. Akiulizwa hali hujibu nzuri, na mimi hujibu hivyo hivyo.

Mvua zimenyesha. Majani yamefika magotini na mnada umejaa wanyama, lakini biashara imelala. Serikali ilitupa miezi minne, tangu Juni, tubadilishe noti za zamani za elfu moja. Septemba ilipoisha zikawa karatasi tu. Sasa muuzaji akipewa elfu yoyote, hata mpya, anaigeuza-geuza juani, halafu anataka atumiwe kwa simu. Na mtandao wetu unaujua.

Nakuandikia kwa sababu ya Jama, yule jirani mwenye ngamia. Mwezi wa Machi, alipoona ukame umekaza, aliuza ngamia sita kabla hawajafa, akanuia kununua wengine mvua ikija. Hela akazifunga kitambaani, akakishona kwa mkono wake, akamwachia Baba amana. Kisha akaenda na waliobaki, mbali huko juu ya Wajir.

Baba alisikia tangazo redioni. Alituma ujumbe kwa kila lori lililoelekea huko, lakini hakuna jibu lililorudi. Nilimwambia tufungue, tukabadilishe Garissa, tushone upya. Alinitazama kama nimemwomba aibe. Amana haifunguliwi mwenyewe hayupo. Ndivyo alivyolelewa, na nusu ya Balambala humwekea vitu kwa sababu hiyo. Siku moja ya Septemba, yeye akiwa msikitini, nililishika lile furushi pamoja na mkasi. Nikalirudisha. Nilimwogopa, basi.

Jama alirudi tarehe tano Oktoba. Uzi ulikuwa wake, haujaguswa. Ndani mlikuwa na laki nne na themanini, zote elfu elfu za zamani. Tulizipeleka benki mjini, na karani akazisukuma nyuma kwa adabu.

"Hii besa ni ngamia sita," Jama akamwambia. "Mimi siko mwizi."

Karani alisema anajua.

Baba alitaka kumlipa kwa mbuzi wetu wote. Jama alikataa. "Adeer," akamwita kwa heshima ya baba mdogo, "nilikupa uitunze, na umeitunza." Sheikh naye akasema Baba hana deni. Afadhali wangetugombeza. Jama sasa anachunga ngamia wa watu kwa mshahara, na akiwa karibu hupita kutusalimu. Nilidhani nitalia. Sijalia, dada. Nimekufa ganzi.

Tangu hapo Baba anarudisha amana za watu, nyumba hadi nyumba. Wasiotaka kuzipokea, anakaa mlangoni mwao mpaka wazichukue. Imebaki moja tu, bangili za marehemu mama yako, shangazi Amino. Ameniagiza nikuandikie uje uzichukue, kwani yeye si mtu wa kuwekewa kitu tena.

Basi nimekuandikia kama alivyoniagiza. Hili linalofuata halijui. Njoo, Ruweyda, lakini akikupa usizipokee. Mwambie mbele ya watu aendelee kukutunzia.

Wasalimie shemeji Abdinasir, mtoto Bilan na wenzake. Mungu awafungulie riziki na awaepushe na majuto.

Ni mimi dada yako, nikupendaye siku zote,
Timiro Korane