Mama Hakulia Hivyo

Kaka Swaleh,

Kitabu chako kimefika. Rafiki yako alikileta Jumamosi asubuhi, na Mama akakipangusa kwa kanga yake ingawa hakikuwa na vumbi. Macho yake hayasomi tena, kwa hiyo nilimsomea mimi, yeye akiwa kitandani. Heri ningemwambia nami sioni.

Nikafika kwenye ile sura ambapo mume anafia kiwandani. Mke anaanguka, anagaagaa chini, anapiga mayowe mtaa mzima usikie. Binti yake anazimia kando yake. Jirani naye anaingia akilia, kwa maneno yale yale. Mama akainua mkono.

"Huyu mwanamke ni nani?"

"Ni wewe, Mama."

Akashusha mkono. "Mbona simjui?"

Tangu hapo nina hasira nawe.

Siku ile hukuwapo. Ulikuwa kazini Mombasa, na ulipofika nyumbani Majengo Baba alikuwa ameshazikwa. Kwa hilo sikulaumu, maziko hayangoji. Nakulaumu kwa kutouliza. Miaka yote hii unapiga simu, unauliza kama mvua imenyesha, kama dawa za Mama zipo. Hujauliza hata mara moja Mama alifanya nini alipopewa habari.

Ningekuambia. Alikuwa uani akikaanga mahamri. Wakaja vibarua wawili waliofanya kazi na Baba kiwandani kule Industrial Area, bado wamevaa ovaroli. Mmoja alivua kofia. Wa pili akasema, "Mama, mzee ametutoka." Mama akamtazama, akauliza, "Alikuwa amekula?" Basi. Akageukia karai, akakaanga unga wote uliobaki, na yale ya mwisho akayatoa kwenye mafuta kwa vidole. Hakushtuka. Malengelenge niliyaona mimi jioni, nilipokuwa namnawisha.

Wala mimi sikuzimia. Nilicheka. Bi Rehema jirani aliingia amevaa buibui ndani nje, nikacheka nikashindwa kujizuia, mpaka shangazi akanizaba kofi. Naona aibu mpaka leo. Na huyo Bi Rehema unayemliza kurasa mbili hakutoa chozi. Aligombana na wanaume kuhusu turubai, akagombana na kila aliyekaa mlangoni, kisha akafua nguo zetu siku tatu bila kuombwa.

Kinachonichoma zaidi ni kwamba kazi hii unaiweza. Tukiwa wadogo uliniketisha ngazini ukanisimulia habari za mtaa, na hukuhitaji kutaja jina la mtu ndipo nimjue. Mwenye duka alikohoa kabla ya kudanganya. Mama Mutua, kadiri alivyokasirika, ndivyo alivyozidi kuwa na adabu. Nilikuuliza umejuaje, ukasema, "Watu hawaumii sawa, Zuhura. Mwangalie mtu vizuri, atakuonyesha mwenyewe." Nilikuwa na miaka tisa, nikakuamini.

Sasa umejaza kitabu kizima watu wenye machozi ya aina moja. Usiniambie ni hadithi tu. Hata mtu wa kubuni ana haki ya kuumia kwa namna yake. Wewe uliogopa kuuliza, kwa sababu ungejibiwa, na jibu lingekuonyesha ulichokikosa. Ukaona rahisi kumwangusha Mama chini apige mayowe.

Nilitaka kukitupa hicho kitabu. Mama akanikataza. "Kiache. Ni cha mwanangu." Kisha, pale pale kitandani, akaanza kunieleza jinsi siku ile ilivyokuwa ndani yake. Akanieleza maneno aliyomwambia Baba mlangoni asubuhi ile, maneno ambayo hakuwa amemwambia mtu mwingine yeyote. Alizungumza mpaka adhana ya adhuhuri. Nililia mimi. Yeye alikuwa akinyoosha shuka.

Aliyoyasema sikuandikii. Ukiyataka, panda basi uje. Keti naye, umuulize, kisha unyamaze mpaka amalize.

Mimi mdogo wako, niliyekuwapo,

Zuhura