Ishirini na Tano kwa Mia

Alhamisi, 16 Januari 2025

Baba yupo! Shangazi Mboni amepima vikombe vitatu vya mchele badala ya viwili. Kibaraza kizima kinanuka dizeli.

Klabu ya Mwalimu Eliudi leo tulikuwa watano. Anatoa swali, kila mtu anaandika uwezekano kwa asilimia, karatasi zinafungwa kwenye bahasha. Jambo likishajulikana anatafuta nani alikaribia. Swali: je, mapigano ya kule kati ya Kongo na Rwanda yatafika Goma, mji wa Kongo ulio mpakani, kabla ya Machi kuisha? Wenzangu waliandika tano, kumi. Mimi nimesoma habari wiki nzima kwa bando la Shangazi. Masisi imeshatekwa na waasi. Kongo inasema nyuma yao ipo Rwanda, Rwanda inakana. Nikaandika 25. Sabiri, mmoja wao, akasema napenda vita kama ninavyopenda kachori. Majibu yangu huja nikishafika nyumbani.

Baada ya Magharibi Baba akasema tajiri wake ana mzigo wa vigae, unakwenda Goma. Abrahamu, dereva mwenzake, ameukataa. Baba akanigeukia mimi. Mimi! Msomi wake anaonaje, huko kuna vita au hakuna?

"Asilimia ishirini na tano," nikasema.

"Ishirini na tano si F hiyo?" Akamtazama Shangazi. "Basi vita vimefeli."

Wakacheka sana. Nami nikacheka. Sijawahi kumchekesha Baba.

Ijumaa, 17 Januari

Ameondoka baada ya sala ya Ijumaa.

Nilitaka kumweleza. F ni ya mtihani. Hii yangu ni kama mapera manne, moja lina funza, nawe unakula bila kuangalia. Sentensi yote nilikuwa nayo tayari. Nikabeba chupa ya chai mpaka kwenye lori, nikampa, nikasema safari njema.

Leo mchele ni vikombe viwili.

Jumapili, 19 Januari

Hakuna kitu. Nimefua sare. Nimesoma. Kitanda cha Baba kimetandikwa vizuri mno.

Jumanne, 21 Januari

Minova nayo imetekwa, karibu zaidi na Goma. Nimeifuta 25 daftarini, nimeandika 40. Kwa maksi za Baba hiyo ni D — vita vimefaulu.

Baba amepiga simu kutoka Rusumo, mpakani na Rwanda, yupo kwenye foleni ya forodha. Shangazi alimuuliza kama anameza dawa za presha, akamsimulia paka wa jirani, akamsimulia bei ya nazi. Mimi nilipopewa simu nikasema shikamoo Baba, umekula? Akasema amekula. Basi.

Alhamisi, 23 Januari

Matokeo ya kidato cha nne yametoka. Imakulata wa nyumba ya pili amepata daraja la kwanza, vigelegele tangu mchana. Shangazi amefunga Rajabu lakini naye amekwenda kupiga vigelegele, amerudi koo limekauka.

Mimi nilikuwa na redio. Mapigano yapo Sake. Sake na Goma ni kama hapa Chumbageni na Pongwe, si mbali. Nimeandika 75.

Nikampigia Baba mimi mwenyewe, kwa simu ya Shangazi. Sijawahi. Yupo Kigali.

Nikamwambia ile namba imepanda. Akatania kwamba mtihani hausahihishwi mara mbili.

"Haikuwa maksi, Baba. Ilikuwa malori manne yakienda, moja linakuta vita. Sasa ni matatu."

Nikasikia honi za huko.

"Mbona hukusema hivyo siku ile?"

Nipo nyumbani tayari, na jibu la hili halijaja.

Akasema tajiri amepiga mara mbili leo, mzigo unasubiriwa. Atavuka, atashusha Jumamosi, atageuza siku hiyo hiyo. Akasema nisome, nisimtie hofu shangazi yangu. Salio likaisha kabla sijasema usiende.

Ningesema? Sijui. Nimeandika 75 kwa sababu naweza kuipima. Hili siwezi kulipima.

Jumapili, 26 Januari

Hapatikani tangu jana asubuhi. Kongo imewaondoa wanadiplomasia wake Kigali. Uwanja wa ndege wa Goma hautumiki.

Hapatikani.

Jumatatu, 27 Januari

Waasi wametangaza kwamba wameuchukua mji wa Goma.

Mwalimu Eliudi akafungua bahasha mbele ya darasa zima, si klabu peke yake. Akasoma jina langu: Najat ndiye aliyekaribia kuliko wote. Akanisimamisha. Akasema hii ndiyo faida ya kusoma magazeti, nipigiwe makofi. Wakapiga. Sabiri alipiga kwa nguvu kabisa, nadhani alikuwa ananiomba msamaha. Hakuna hata mmoja pale anayejua kwamba Baba ni dereva wa lori. Miaka mitatu tumesoma pamoja, sijawahi kuwaambia. Nikasimama mpaka makofi yakaisha, nikakaa.

Nimerudi nikaikuta simu ya Shangazi kwenye chaji chumbani. Namba ngeni imepiga mara moja, saa saba na robo. Inaanza na 250. Hiyo ni Rwanda, Kongo ni 243. Inaweza kuwa Baba kaazima simu akisharudi upande wa Rwanda. Inaweza kuwa mtu mwingine anayetaka kutuambia kitu. Nimepiga mara sita. Inaita, haipokelewi.

Shangazi amefunga leo pia. Alikuja akasimama mlangoni na kanga begani. Nikaanza kumweleza tofauti ya 250 na 243, kwamba ni kama sitini kwa mia, au hamsini na tano —

"Usinipe maksi, Najat. Nambie anarudi au harudi."

"Anarudi."

Hivyo tu. Bila namba. Akanitazama kidogo, akasema alhamdulillahi, akaenda jikoni.

Nimepiga tena. Inaita.

Nasikia kikombe kinaingia kwenye gunia la mchele. Kimoja. Viwili. Vitatu.